Wasomaji Wanauliza: Vichekesho vya Zamani Sebuleni

Tuliwaomba wasomaji watuandikie kuhusu filamu nyepesi za zamani walizotazama nyumbani karibuni. Barua nyingi zilizolalamika kwamba filamu fulani "imechuja" zilituonyesha kuwa kosa si la filamu. Lilikuwa la TV, la faili, au la sabtaito. Kichekesho kinategemea nusu sekunde: kikiwahi hakichekeshi, kikichelewa hakichekeshi. Ndiyo maana majibu mengi hapa yanaanza na rimoti, mwigizaji baadaye.

Shikamooni wahariri. Watoto walishusha filamu ya kimya ya Buster Keaton. Watu wanatembea kama wamevamiwa na siafu! Nilizima baada ya dakika kumi. Kweli watu wa zamani walichekeshwa na mbio tu?
*Mama wa watatu, Morogoro*

Marahaba mama. Mbio nyingine ni za makusudi, lakini nyingi ni kosa la nakala.

Kamera za enzi hiyo zilizungushwa kwa mkono, kwa picha 16 hadi ishirini na kitu kila sekunde, na hapakuwa na kipimo kimoja cha wote. Sauti ilipoingia mwishoni mwa miaka ya 1920 ndipo picha 24 kwa sekunde zikawa kanuni, maana sauti haivumilii mwendo unaopanda na kushuka. Sasa mtu akichukua mkanda uliopigwa kwa picha 18 akauendesha kwa 24, kila kitu kinakwenda theluthi moja kwa kasi zaidi. Mtu anayekaa kitini anaonekana amesukumwa.

Fungua faili kwa VLC, programu ya kuchezea video, kwenye kompyuta. Kitufe cha [ kinapunguza mwendo kidogo kidogo, ] kinaongeza, = kinarudisha kawaida. Kwa mkanda wa picha 18 shuka hadi 0.75. Kama hujui ulipigwa kwa ngapi, mwangalie mtu ambaye hachekeshi: mpita njia wa nyuma, au mhudumu anayemimina kinywaji. Akianza kutembea kama binadamu, umefika. Usipimie wale wanaokimbizana, kwa sababu wachekeshaji walimwagiza mpiga picha azungushe taratibu ili mbio zionekane kali zitakapooneshwa. Muziki wa nakala hizi kwa kawaida umebandikwa miaka mingi baadaye. Sauti yake ikivutika unapopunguza mwendo, uzime uweke wako. Filamu ndefu za Keaton za mwishoni mwa miaka ya 1920 zilikaribia mwendo wa sasa, hizo usizipunguze sana.

Angalia pia umbo la picha. Filamu za wakati ule ni karibu mraba, upana 4 kwa kimo 3. Nyuso zikiwa bapa, TV imeinyoosha picha. Nenda kwenye ukubwa wa picha, chagua 4:3 au "original". Nyuso zikiwa sawa lakini miguu imekatwa, aliyepakia faili ndiye aliyeikuza, na hapo rimoti haisaidii, tafuta nakala nyingine. Kwa Keaton miguu ni nusu ya kazi. Nakala nyingine si ngumu kupata: nchini Marekani filamu zilizotoka hadi mwaka 1929 hazina tena hakimiliki, kila mtu anazipakia, na ndiyo sababu hiyo hiyo takataka zimejaa. Chagua iliyoandikwa kuwa imesafishwa kutoka mkanda wa milimita 35.

Kwa watoto anza na One Week ya 1920, haifiki nusu saa. Maharusi wanaletewa nyumba ya kuunganisha ndani ya masanduku yenye namba, hasidi anabadilisha namba, nyumba inasimama upogo. Kisha Sherlock Jr. ya 1924, dakika 45 tu. Steamboat Bill, Jr. ya 1928 ndiyo yenye ule ukuta wa mbele wa nyumba unaomwangukia Keaton, naye anabaki mzima kwa sababu amesimama palipo na dirisha wazi. Hakuna ujanja wa picha pale. Ukuta ni wa kweli, na alisimama palipopimwa. The General ya 1926 ndiyo inayosifiwa kuliko zote, lakini ni ya polepole na shujaa wake yuko upande wa majimbo ya Kusini, waliopigania utumwa ubaki. Iacheni hadi watoto waweze kuelezwa hilo.

Nimenunua TV ya inchi 55. Nikaweka Coming to America, naona kama tamthilia iliyopigwa studio. Halafu maneno hayasikiki, muziki unatikisa madirisha. TV mbovu?
*Dodoma*

TV nzima, mipangilio mibovu. Filamu hiyo ya 1988 ina picha 24 kwa sekunde, nayo TV inabuni picha za katikati ili mwendo uteleze. Kwa mpira wa miguu sawa. Kwa filamu ngozi inakuwa kama plastiki na mapambo ya ikulu yanaonekana kuwa mbao zilizopakwa rangi. Zima kabisa. Samsung wameiita Auto Motion Plus au Picture Clarity, LG ni TruMotion, Sony ni Motionflow. Kama kuna "Filmmaker Mode", chagua hiyo na umemaliza. Mara nyingine inabidi uzime upya kwa kila mlango wa HDMI na kwa programu za ndani ya TV, kwa hiyo usishangae king'amuzi kikionyesha vizuri na flashi ikirudia ugonjwa.

Sauti: faili lako lina sauti ya spika sita, na maneno karibu yote yamewekwa kwenye spika ya katikati ambayo huna. TV inayamwaga kwenye spika mbili pamoja na muziki, sabufa inameza kilichobaki. Bonyeza kitufe cha lugha au "audio" uone kama kuna njia ya stereo. Kama haipo, weka sauti inayotoka iwe PCM (sauti isiyobanwa). Besi ya sabufa ishushe hadi karibu na sifuri. Ukiwa na kipengele cha kukuza mazungumzo, kiwashe.

Pa kupimia ni kinyozini. Wazee wanabishana kuhusu ndondi, wote kwa pamoja, na karibu wote ni Eddie Murphy na Arsenio Hall chini ya vipodozi vya Rick Baker, hata yule mzee wa Kizungu ni Murphy. Ukikosa neno moja pale umekosa mzaha. Kwa maoni yetu kinyozini, na baba mwenye mgahawa wa hamburger, ndipo filamu ilipo hai. Ikulu ya Zamunda, nchi ya kubuni ya filamu hii, inachukua muda kuchangamka. Tahadhari moja: hazijapita dakika nyingi kuna wahudumu wa kuogesha walio vifua wazi. Usiiweke siku wakwe wamekuja.

They Call Me Trinity: midomo ya Bud Spencer na Terence Hill haifuatani na sauti ya Kiingereza. Nataka ile ya asili ya Kiitaliano. Naipata vipi?
*Shabiki wa zamani, Mombasa*

Unatafuta kitu ambacho hakipo. Italia ya miaka ile ilipiga picha bila kutegemea sauti ya pale pale; waigizaji wa nchi mbalimbali walisema maneno kila mmoja kwa lugha yake, sauti zote zikaingizwa studio baadaye. Terence Hill ni Mario Girotti, na Bud Spencer ni Carlo Pedersoli, muogeleaji wa Olimpiki wa 1952 na 1956. Lakini hata kwenye Kiitaliano cha filamu hii ya 1970 sauti si zao: Hill anasemewa na Pino Locchi, Spencer na Glauco Onorato. Chagua lugha mnayoielewa nyumbani, basi.

Ila hakikisha faili lenyewe halijateguka. Usitazame midomo, tazama kofi. Mlio wa kofi ukija baada ya kichwa kugeuka, sauti imechelewa kweli. Kwenye VLC bonyeza J, kila mbonyezo unawahisha sauti kwa sehemu 50 za elfu ya sekunde, K inachelewesha. Kama tatizo linatokea kwa kila filamu, mtuhumiwa ni spika ya bluetooth. Unganisha kwa waya.

Filamu zao si za kubishania sana. Za magumi zinafanana, na mtu akiona mbili ameona mtindo wote. Ya kuanzia na watoto kwetu si Trinity, ni Watch Out, We're Mad ya 1974, ugomvi mzima ni kigari chekundu cha mchangani. Trinity iangalieni kwa ajili ya ile sufuria ya maharage.

Asalaam alaykum. Tulikuwa tunatazama Gol Maal. Mwanzo sabtaito zilikuwa sawa, katikati zikaanza kuachana na maneno, mwisho wa filamu tunasoma jibu kabla ya swali. Pia TV inakataa nakala nzuri niliyopewa, inasoma mbovu tu.
*Unguja*

Waalaykum salaam. Kwanza hakikisha una ile ya 1979 iliyoongozwa na Hrishikesh Mukherjee, kwa sababu tangu 2006 kuna mfululizo mwingine wenye jina linalokaribiana, na sabtaito zao zinachanganywa ovyo.

Makosa ya sabtaito ni ya aina mbili na dawa zake hazifanani. Chukua sentensi ya kwanza ya filamu na ya mwisho, pima tofauti. Ikiwa ni ile ile, tuseme sekunde mbili mwanzo na sekunde mbili mwisho, ni kusogeza tu: kwenye VLC G inawahisha sabtaito, H inachelewesha. Ikiwa tofauti inakua, kama yenu, sabtaito ilitengenezwa kwa nakala yenye mwendo mwingine. Filamu ni picha 24 kwa sekunde, mfumo wa PAL wa televisheni, uliotumika India, sehemu kubwa ya Ulaya na kwetu, ni 25. Wakati wa kuhamisha waliiendesha tu kwa kasi zaidi, asilimia 4 na kidogo. Filamu ya dakika 140 inamalizika karibu dakika tano na nusu mapema. Ukisogeza kwa G na H utakuwa unabonyeza usiku kucha.

Tumia programu ya bure iitwayo Subtitle Edit. Fungua faili la sabtaito (.srt), ingia kwenye menyu ya Synchronization, chagua kubadili "frame rate", yaani idadi ya picha kwa sekunde. Kwenu maandishi yanawahi, maana yake sabtaito ni ya 25 na filamu ni ya 24, kwa hiyo weka kutoka 25 kwenda 23.976, ambayo ndiyo "24" ya faili nyingi za video. Yangekuwa yanachelewa zaidi na zaidi, ungegeuza. Kisha hifadhi kwa mfumo wa herufi wa UTF-8, la sivyo herufi nyingine zitageuka vibox. Jina la sabtaito liwe sawasawa na la filamu, tofauti iwe mwisho tu, na yakae folda moja.

Kuna hali ya tatu inayowatesa watazamaji wa filamu za Kihindi: sabtaito ziko sawa, halafu ghafla baada ya wimbo zinaruka dakika nne. Wimbo umekatwa kwenye nakala yako. Hapo fremu hazihusiki. Katika programu ile ile chagua mistari yote kuanzia hapo hadi mwisho, isogeze kwa urefu wa wimbo. Au, bora zaidi, tafuta nakala yenye wimbo. Gol Maal bila wimbo "Aane Wala Pal" alioimba Kishore Kumar, umepunjwa.

Kuhusu TV kukataa: angalia ukubwa. Flashi nyingi zinakuja na mfumo wa FAT32 ambao haupokei faili la zaidi ya GB 4, kwa hiyo nakala nzuri ama haiingii ama inaingia nusu. Hamisha kila kilichomo, ifomati kwa exFAT, na uhakikishe kwanza TV yenu inausoma mfumo huo. TV za zamani kidogo hazisomi exFAT lakini husoma NTFS.

Filamu yenyewe inastahili usumbufu wote huu. Bosi, Utpal Dutt, anaamini mwanamume asiye na masharubu hana tabia. Karani, Amol Palekar, anaonekana kwenye mechi ya hoki siku aliyoomba ruhusa, basi anabuni pacha asiye na masharubu, na uwongo mmoja unadai mwingine hadi inabidi atafute mama wa bandia. Hakuna anayeanguka, hakuna anayepigwa na keki. Vyote vimo katika jibu na uso wa anayejibiwa, na kwa sababu hiyo sabtaito ya sekunde tatu mapema inaiua kabisa, ambapo Jackie Chan angesalimika.

Nina filamu za Jackie Chan zilizotafsiriwa na DJ. Je, kuna programu ya kuondoa sauti ya DJ ibaki ya filamu?
*Fundi simu, Kahama*

Hakuna ya kuaminika. Mtafsiri anapozungumza, sauti ya filamu inashushwa na vyote vinarekodiwa njia moja. Ukimwondoa yeye umeondoa na kilichokuwa chini yake.

Lakini usiitupe nakala hiyo. Kazi ya Lufufu Tanzania, DJ Afro Kenya, au mavijei wa Uganda ni kichekesho cha pili juu ya kile cha kwanza, na kwenye kibanda umiza wengi walilipa kiingilio kwa ajili ya mtafsiri. Inakubali pale mzaha ulipo mwilini. Project A ya 1983, Jackie anapoanguka kutoka mnara wa saa akipasua vitambaa viwili vya kivuli, DJ anaweza kusema lolote na bado ukacheka. Tukio hilo linamwamkia Harold Lloyd, aliyening'inia kwenye saa ya ghorofani katika Safety Last! ya 1923, ziwekeni usiku mmoja zote mbili.

Unachopoteza ni mwisho. Jackie aliona kwenye The Cannonball Run ya 1981 jinsi makosa ya uigizaji yalivyowekwa pamoja na majina ya mwishoni, akaifanya desturi yake. Nakala nyingi za DJ hukatwa majina yanapoanza kupanda. Kwa hiyo nunua au lipia nakala kamili japo ya filamu moja, umwone akianguka vibaya na kubebwa.

Some Like It Hot: nimeona nakala imetiwa rangi na akili mnemba. Ipi bora?
*Nakuru*

Isiyo na rangi. Ilikuwa 1959, rangi ilikuwepo, mwongozaji Billy Wilder akaiacha kwa sababu vipodozi vya kike kwenye nyuso za Tony Curtis na Jack Lemmon vilionekana vya kijani. Nyeusi na nyeupe inaficha ndevu, na filamu nzima imesimama juu ya wanaume wawili kudhaniwa wanawake. Kama kwenye TV nyeupe inaonekana bluu, toka kwenye "Vivid", weka joto la rangi kwenye "Warm".

The Gods Must Be Crazy bado inachekesha watoto wangu, ila safari hii ilinikwaza. Niifute?
*Baba, Dar es Salaam*

Hapana, lakini ulichokihisi ni cha kweli.

Mwongozaji Jamie Uys aliitoa mwaka 1980 Afrika Kusini, zama za ubaguzi wa rangi. Ina filamu tatu ndani yake. Ya kwanza ni msimulizi anayetuambia Wasan wanaishi jangwani bila kujua dunia, hadi chupa ya Coca-Cola inapodondoka kutoka kwenye ndege. Hiyo si kweli. N!xau, aliyeigiza Msan mwenye chupa, alitoka Namibia, iliyokuwa chini ya Afrika Kusini, na watu wake wengi walikuwa wamekusanywa kwenye makazi ya serikali ambako vijana waliandikishwa jeshini. Filamu ya kumbukumbu ya John Marshall iitwayo N!ai, ya mwaka huo huo wa 1980, inayaonyesha makazi hayo, na ina hata picha za Uys akiwa kazini. Msimulizi pia ndiye anayetwambia N!xau amesema nini. Usichukue tafsiri yake kama hati.

Ya pili ni waasi wazembe wanaokimbia na ndizi na bastola. Hapo ndipo inapouma zaidi kwa mtazamaji wa Dar, mji uliokuwa makao ya Kamati ya Ukombozi ya OAU tangu 1963. Wapigania uhuru waliohifadhiwa hapa ndio waliokuwa wakichekwa kule.

Ya tatu ni mtafiti mwoga na Land Rover yake isiyo na breki, na hiyo ni safi kabisa. Lango analotakiwa kulifungua, gari linalojipandisha mtini kwa winchi yake lenyewe: ni Keaton mtupu, hadi mwendo ulioharakishwa kwa makusudi. Kwa hiyo msimrekebishe kwa 0.75 tuliyosema juu. Kwa watoto wadogo anzieni pale gari linapoingia. Kwa wakubwa wekeni yote, N!ai kwanza, kisha hii.

DVD za vichekesho alizotuletea shangazi kutoka Uingereza zinakataa kwenye deki: "wrong region". Na za Blu-ray je?
*Tanga*

DVD za Uingereza ni kanda ya 2, sisi ni kanda ya 5 pamoja na India. Za Oman na Ghuba nazo ni 2, kwa hiyo zitakataa vile vile. Deki nyingi za bei nafuu madukani hazina kizuizi. Uliza "region free" na ujaribu diski yako kabla hujalipa. Kwenye kompyuta usikubali kubadili kanda kila unapoulizwa: kifaa kinaruhusu mara tano, ya tano inaganda moja kwa moja. Blu-ray hazina shida hiyo, Uingereza na Afrika zote ni kanda B.